Kujitolea Ng'ambo Bila Kuuza Ng'ombe: Njia za Bure na za Gharama Ndogo

Sisi watu wa pwani jina la Masinga twalijua kwa taarifa za mafuriko. Masika yakizidi, redio hutangaza kwamba bwawa la Masinga limejaa na maji yameanza kumwagika, na ndugu zetu wa Hola, Garsen na Kipini huanza kufunga virago. Ilikuwa hivyo 2018, ikawa hivyo tena 2024. Lakini wengi wetu hatujawahi kukanyaga huko. Mimi mwenyewe nilifika mwaka jana tu, nilipofuatana na jamaa yangu, fundi wa mabomba, aliyekuwa na kazi ya wiki moja upande ule wa kaunti ya Machakos.

Bwawa lilifunguliwa 1981, na ndilo kubwa kuliko yote matano yaliyofuatana kwenye Mto Tana: Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Ukitazama upande mmoja ni maji mpaka macho yachoke. Ukigeuka upande wa pili ni ardhi kavu, mbuzi, na punda waliobebeshwa mitungi.

Siku ya tatu nilikuwa kwenye hoteli ya chai. Kijana wa miaka ishirini na mitatu hivi aliiona kofia yangu, akaja kuniamkia. "Ustadh, umetoka Mombasa, sivyo? Nyinyi mmezoea wazungu. Hebu niangalizie hii barua kama ni ya ukweli."

Barua ilikuwa na nembo nzuri na jina refu la Kiingereza. Ilimwambia amechaguliwa kwenda kujitolea Ulaya miezi sita, kutunza watoto. Alipe shilingi 85,000 ndani ya siku saba, za usajili, mafunzo na "uhakika wa viza". Babake alikuwa ameshapata mnunuzi wa ng'ombe wawili.

Nikaona kama najiona mimi. Mwaka 2006 nilikuwa ndio kwanza nimemaliza diploma yangu, na ofisi moja mjini, ambayo sitaitaja, ilinichukua shilingi 30,000 kwa ahadi kama hiyo hiyo. Mamangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, aliuza bangili zake. Niliporudi baada ya wiki tatu, mlango ulikuwa na kufuli jipya na ndani mlikuwa na fundi cherehani.

Nilimwambia asilipe. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza: "Sasa kama si hii, njia ya ukweli ni gani?" Nilimjibu kwa ufupi siku ile. Jibu refu ni hili, kwa sababu najua hata kwetu Kisauni, Likoni, Lamu na Kwale wako wengi wenye barua kama ile mfukoni.

Kwanza: nani amlipa nani?

Kijana yule aliniambia kitu kilichonifikirisha. Skuli ya msingi jirani na kwao waliwahi kuja vijana wa kizungu wakakaa wiki mbili, wakapaka darasa rangi. Kila mmoja alikuwa amelipa kampuni ya kwao pesa ambazo, alivyosikia yeye, zingepaka rangi skuli nzima. Kwa hivyo naye akaamini kwamba kujitolea ndivyo kulivyo, kwamba mtu hulipa ili aruhusiwe kufanya kazi. Barua ilipomtaka pesa, hakuona ajabu.

Hapa ndipo pa kuelewa kabla ya yote. Neno kujitolea limekusanya mambo matatu yasiyofanana.

La kwanza ni programu zinazobeba gharama zote: nauli, malazi, bima na posho. Hizi huchagua watu kwa ujuzi wao, na ushindani wake ni mkubwa.

La pili ni programu za kugawana. Wewe wajigharamia safari na viza, wenyeji wako wakupa chakula na pa kulala.

La tatu ni biashara. Kampuni humuuzia mgeni wiki mbili za kujisikia vizuri, na sisi wa Watamu, Malindi na Diani twazijua. Biashara hiyo imetengenezwa kwa mtu wa nchi tajiri mwenye likizo na pesa za kutumia. Kijana wa Masinga au wa Mtwapa hana haja ya kuingia mlango huo.

Shika kanuni hii moja: programu inayobeba gharama haimtozi mwombaji ada ya kuomba wala ya kuchaguliwa. Ya kugawana hukutoza ada ndogo inayojulikana wazi, na unajua imekwenda wapi. Ukiona ada kubwa pamoja na haraka, rudisha pochi mfukoni.

Njia zinazobeba gharama zote

Ya kwanza ni ile ya Umoja wa Mataifa, inayoitwa UNV. Ilianzishwa kwa azimio la Baraza Kuu mwaka 1970, na makao yake makuu yako Bonn, Ujerumani. UNV huwapeleka watu katika mashirika ya Umoja wa Mataifa: wauguzi, wahandisi, wahasibu, wanasheria, watu wa mawasiliano, wa kompyuta na wa maendeleo ya jamii. Aliyepelekwa nchi nyingine hupewa posho ya kuishi kila mwezi, nauli ya kwenda na kurudi, na bima. Kuna nafasi za vijana wa miaka 18 hadi 26, na nafasi za wataalamu kuanzia miaka 27 wenye uzoefu wa kazi. Mwombaji hufungua akaunti yake kwenye tovuti ya UNV, hujaza wasifu, kisha huomba nafasi zinazotangazwa. Hatua zote hizo ni bure. Mtu akikwambia ana "njia ya ndani" ya UNV kwa malipo, huyo ni mwizi.

Kuna jambo wengi hulikosa hapa. UNV pia ina nafasi za ndani ya nchi, ambapo Mkenya hujitolea Kenya kwa posho: Nairobi, Kakuma, Dadaab na kwingineko. Si ng'ambo, lakini mwaka mmoja wa namna hiyo ndio unaompa mtu uzito anapoomba nafasi ya nchi nyingine.

Ya pili ni ya Umoja wa Afrika. Kikosi cha vijana wa kujitolea cha Umoja wa Afrika kilizinduliwa 2010. Huchukua vijana wa miaka 18 hadi 35, waliomaliza masomo ya chuo au ya ufundi, na kuwapeleka nchi nyingine ya Afrika kwa muda wa miezi kumi na miwili. Nauli, makazi, bima na posho hugharamiwa. Tangazo hutoka kwa misimu, kwa hivyo lazima mtu awe anachungulia tovuti yao mara kwa mara. Anayejua Kifaransa, Kiarabu au Kireno ana nafasi zaidi. Vijana wetu waliopita madrasa, Kiarabu cha kusoma mnacho tayari. Kikiongezewa cha kuzungumza, kinakuwa mtaji.

Ya tatu ni VSO, shirika lililoanzishwa Uingereza 1958. Zamani lilikuwa la Waingereza kuja kwetu. Baadaye likafungua mlango wa Wakenya nao kupelekwa nchi nyingine, na lina ofisi Nairobi. VSO hutafuta watu wenye taaluma na miaka kadhaa ya kazi: mwalimu, mkunga, mtaalamu wa kilimo, msimamizi wa miradi. Hailipi mshahara mnono, lakini nauli, malazi, bima na posho ya maisha hutoka kwao. Ni njia nzuri kwa mtu wa miaka thelathini au arubaini ambaye tangazo la vijana limeshampita.

Ya nne ni Norec, idara ya serikali ya Norway ambayo kabla ya 2018 ilijulikana kama Fredskorpset. Hii haifanyi kazi na mtu mmoja mmoja. Hufadhili mashirika mawili au zaidi yabadilishane wafanyakazi wao vijana, pengine la Kenya na la Norway, pengine la Kenya na la nchi nyingine ya kusini. Maana yake ni kwamba mlango wake uko kwenye shirika unakofanya kazi au unakojitolea sasa. Muulize mkurugenzi wako kama wanabadilishana watu na nje. Swali hilo halina gharama, na wengi hawaliulizi.

Njia ya Ujerumani

Hii naieleza peke yake kwa sababu ndiyo Wakenya wengi wanaipita siku hizi, na ndiyo matapeli wengi wanaitumia jina.

Ujerumani ina utaratibu wa kisheria wa mtu kujitolea mwaka mmoja. Kuna ule wa vijana, FSJ, kwa mtu asiyetimiza miaka 27. Kuna na BFD, ulioanza Julai 2011 baada ya nchi hiyo kusimamisha utumishi wa lazima wa jeshi, na huu hauna kikomo cha juu cha umri. Mtu hufanya kazi kwenye nyumba ya wazee, hospitali, shule ya watoto wadogo, au kituo cha watu wenye ulemavu. Kwa kawaida ni miezi 12. Hupewa pesa za mfukoni, bima ya afya na ya jamii, na vituo vingi hutoa chumba na chakula au pesa za badala yake.

Huhitaji wakala kuomba. Vituo na mashirika yanayosimamia, kama Msalaba Mwekundu wa Ujerumani, hutangaza nafasi kwenye tovuti zao, na mtu huandika barua ya maombi moja kwa moja. Kituo kikikukubali hukupa mkataba, na kwa mkataba huo waenda ubalozi wao Nairobi kuomba viza. Ada ya viza ya muda mrefu ni yuro 75, nayo hulipwa ubalozini wenyewe.

Gharama yake kubwa ni lugha. Bila Kijerumani cha kuzungumzika, kituo hakitakuchukua, na hata kikikuchukua ubalozi utakuuliza. Pesa ambazo kijana wa Masinga alitaka kumpa tapeli, au sehemu yake, zingemfikisha mbali darasani. Na lugha hubaki kichwani hata safari isipotimia. Yako mafunzo ya bure mtandaoni kwa anayeanza. Alipe mwalimu na mtihani pale atakapoona ameiva.

Kuna pia weltwärts, programu ya wizara ya ushirikiano ya Ujerumani iliyoanza 2008 kwa kuleta vijana wao kwetu. Baadaye ikaongezwa njia ya kinyume, vijana wa kwetu waende kwao, wenye miaka 18 hadi 28, na gharama zao hubebwa. Maombi hupitia shirika la Kenya lililo na mwenzake Ujerumani. Basi ukiona skuli, kituo au shirika karibu nawe lina vijana wa Kijerumani wanaojitolea, waulize wasimamizi: na sisi mwatupeleka lini?

Jirani na hii kuna vijiji vya Camphill, vilivyoanzia Uskochi mwaka 1940 na sasa viko nchi nyingi za Ulaya na Marekani. Humo watu wenye ulemavu na wasio nao huishi pamoja, wakalima na kupika pamoja. Mtu wa kujitolea hukaa mwaka, hupewa chumba, chakula na pesa kidogo. Kazi yake yahitaji moyo: kumwogesha mtu mzima, kumlisha, kumvumilia. Asiyeweza kumhudumia babu yake mwenyewe asiombe.

Kambi za kazi: njia ya karibu na ya gharama ndogo

Mwaka 1920, vita vikuu vimekwisha, Mswisi Pierre Cérésole aliwakusanya watu wa mataifa yaliyokuwa yamepigana, Wajerumani wakiwemo, wakaenda kijiji cha Esnes karibu na Verdun, Ufaransa, kujenga upya kilichobomolewa. Hiyo ndiyo kambi ya kazi ya kwanza ya namna yake, na kutoka hapo likazaliwa shirika la SCI. Mwaka 1948, chini ya UNESCO, mashirika ya aina hiyo yakaunda baraza lao la kimataifa, CCIVS.

Kenya iko ndani ya mtandao huo. KVDA, shirika la kambi za kazi la Kenya, lilianzishwa 1962, mwaka mmoja kabla ya uhuru. Tanzania kuna UVIKIUTA, yenye makao yake Chamazi, Dar es Salaam. Uganda kuna Uganda Pioneers Association. Kambi huwa ya wiki mbili au tatu: kujenga madarasa, kupanda miti, kuchimba kisima. Mtu hujilipia nauli na mchango mdogo wa kambi. Kulala ni pamoja na wenzake, na chakula hupikwa kwa zamu.

Kwa anayeanza, hii ndiyo njia ninayoipendekeza. Mkenya huingia Uganda na Rwanda kwa kitambulisho cha taifa, mpango ulioanza 2014, hata paspoti si lazima. Awe tu na kadi ya chanjo ya homa ya manjano, na awaulize wenyeji wake mapema kama kazi ile yahitaji kibali. Kuingia Tanzania kunahitaji hati ya kusafiria, na Tanzania huwahesabu wanaojitolea katika kibali cha kuishi cha daraja la C. Wenyeji wako ndio wanaojua taratibu, nao ndio wa kukuongoza. Wakisema "njoo tu kama mtalii, hakuna atakayeuliza", usiende.

Tahadhari kuhusu mashamba na nyumba za wageni

Iko mitandao inayomkutanisha msafiri na mwenye shamba: afanye kazi saa chache kwa siku, apewe chakula na kitanda. Maarufu ni WWOOF, iliyoanza Uingereza 1971 kwa mashamba ya kilimo hai. Ada ya uanachama ni ndogo na wenyeji wengi ni watu wema.

Lakini nchi nyingi huhesabu kazi ya kulipwa kwa chakula kuwa ni kazi, na viza ya utalii hairuhusu kazi. Mwenye paspoti ya Ulaya huzunguka bila kuulizwa. Mwenye paspoti yetu huulizwa uwanja wa ndege, na jibu baya humrudisha kwa ndege ile ile. Uliza ubalozi kwanza, upate jibu la maandishi.

Na programu ya Umoja wa Ulaya ya European Solidarity Corps, ambayo matangazo yake huzunguka sana WhatsApp, nafasi zake nyingi ni za wakaazi wa Ulaya na nchi jirani zake. Soma masharti ya uraia kabla ya kujichosha.

Kujitolea ng'ambo ukiwa nyumbani

Tangu mwaka 2000 UNV ina huduma ya kujitolea kupitia mtandao. Mashirika ya nchi mbalimbali hutafuta watu wa kutafsiri, kuandika, kuchora, kutengeneza tovuti, kufanya utafiti. Kazi hufanywa kwa saa chache kwa wiki, bila malipo, na mwisho wake mtu hupata cheti cha utambuzi.

Kiswahili chetu hapa ni mali. Mashirika yanayohudumia wakimbizi wa Kongo au wakulima wa Tanzania huhitaji tafsiri isiyo ya mashine. Binti wa Lamu aliyefunzwa Kiswahili na bibi yake ana kitu ambacho mwenye shahada mbili Geneva hana. Gharama yake ni bando na muda.

Karatasi za kuandaa mapema

Nafasi nyingi hupotea kwa sababu tangazo limefika na mtu hana karatasi. Ziandae kabla.

Paspoti: maombi ni eCitizen, na kwa watu wa Mombasa ofisi iko jengo la Uhuru na Kazi. Usingoje kuchaguliwa ndipo uanze.

Cheti cha tabia njema kutoka idara ya upelelezi, DCI: ada hulipwa eCitizen, na alama za vidole huchukuliwa Huduma Centre. Programu yoyote inayohusu watoto au wagonjwa itakidai.

Kadi ya chanjo ya homa ya manjano.

Wasifu wa kurasa mbili, uliosema ukweli, pamoja na watu wawili wa kukushuhudia wasio jamaa zako.

Vyeti vya skuli na chuo, nakala na asili. Jina liwe moja kwenye vyeti vyote, kitambulisho na paspoti. Sisi wa pwani twateseka sana na hili: mara Mohamed, mara Mohammed, mara jina la babu halimo. Lirekebishe sasa.

Swala, chakula na heshima

Muislamu anayekwenda kukaa na watu wengine aulize mambo haya kwa uwazi kabla ya kutia saini. Chakula kikoje, na je, naweza kujipikia? Nitapata nafasi ya kuswali, hasa Ijumaa? Ramadhani itanikuta kazini, zamu itakuwaje? Kwa binti: nalala chumba na nani, na hijabu inakubalika kituoni? Shirika zuri halikasirishwi na maswali haya. Hujibu na kupanga. Linalokwepa limekupa jibu.

Kwa upande wa pili, ukishakubali kwenda, huko ni kwa watu. Kanisa likisimamia kituo cha wazee na wakakuheshimu, nawe waheshimu. Hujaenda kuhubiri, umeenda kumwinua mzee asiyeweza kuinuka.

Na jiulize kazi yenyewe ni halali kimaadili. Kenya ilisimamisha kusajili nyumba mpya za watoto mayatima mwaka 2017, kwa sababu baadhi yake zilikuwa zikiwaweka watoto wenye wazazi ili zivutie wageni na pesa zao. Tusiyoyapenda yakifanywa kwetu tusiende kuyafanya kwa wengine.

Dalili za barua ya uongo

Barua ya Masinga ilikuwa na dalili zote, na ndiyo maana niliitambua kabla ya kumaliza chai.

Ilimwambia amechaguliwa ilhali hakufanya usaili wowote. Ilitaka pesa zitumwe kwa nambari ya simu ya mtu binafsi. Ilimpa siku saba. Ilimhakikishia viza, na hakuna shirika duniani linaloweza kuihakikisha, kwani huamuliwa na ubalozi peke yake. Barua pepe yake ilikuwa ya bure kama yangu na yako, isiyo ya shirika. Na kituo atakachofanyia kazi hakikutajwa jina wala mji.

Ukipata barua, tafuta kituo chenyewe, piga simu kwa nambari uliyoipata kwenye tovuti yao, usitumie ile iliyo kwenye barua. Waulize: mwanijua? Kama ni kazi ya mshahara imevishwa nguo ya kujitolea, hakikisha wakala amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, NEA. Orodha ya waliosajiliwa iko wazi kwa kila mtu.

Si suala la pesa tu. Mwaka 2022 serikali ilitoa onyo kuhusu vijana wa Kenya waliochukuliwa kwa ahadi za kazi Thailand, wakaishia Myanmar kwenye majumba ya utapeli wa mitandaoni, wakifanyishwa kazi kwa nguvu. Wengine walikuwa na shahada. Akili haikuwapungukia, walikosa tu mtu wa kumwonyesha barua kabla ya kulipa. Kama huna wa kumwonyesha, nenda kwa mwalimu wako wa zamani, imamu wa mtaa, au mtu yeyote aliyewahi kusafiri kwa njia safi. Aibu ya kuuliza ni ya dakika tano.

Anza hapo ulipo

Nilimuuliza yule kijana: "Hapa kwenu umejitolea wapi?" Akacheka. "Hapa? Hapa ni mwethya tu."

Mwethya ndiyo kazi ya ujima ya Wakamba. Watu wa kijiji hukusanyika wakachimba matuta, wakajenga mabwawa ya mchanga yanayozuia maji ya mto wa msimu yasikimbie. Kola, upande mwingine wa Machakos, Joshua Mukusya na majirani zake walianza kikundi cha Utooni 1978 kwa njia hiyo hiyo, na ujuzi wa mabwawa ya mchanga wa Ukambani leo wataalamu wa nje huja kuusoma. Kijana huyu alikuwa amejenga mabwawa mawili ya mchanga kwa mikono yake, na hakuyaandika popote kwenye wasifu wake. Aliandika kwamba anapenda kusafiri na kutazama sinema.

Tulikaa mpaka adhuhuri tukiuandika upya. Mabwawa mawili, watu wangapi, miezi mingapi, yeye alifanya nini. Nikamwambia ajiunge na Msalaba Mwekundu wa Kenya, wale wale waliokuwa wakiokoa watu kwa boti huko Tana maji ya Masinga yaliposhuka kwetu, apate mafunzo ya huduma ya kwanza na ushahidi wa kazi. Waombewao hawa wote, UNV, Umoja wa Afrika, Wajerumani, huuliza swali moja: umefanya nini kwenu?

Nasi tunayo mifano yetu. Dkt. Abdul Rahman Al-Sumait, daktari wa Kuwait, aliacha raha za kwao akatumia miaka mingi ya uhai wake vijijini Afrika mpaka alipofariki 2013, na chuo kikuu kilichoko Zanzibar kina jina lake. Alianza kwa kuwahudumia wagonjwa waliokuwa mbele yake.

Ng'ombe wa Masinga hawakuuzwa. Miezi michache iliyopita kijana alinitumia picha. Yuko Uganda, ameshika koleo, nyuma yake ukuta wa darasa umefika kiunoni. Alikwenda kwa basi, kwa kitambulisho, kwa wiki tatu. Chini ameandika: "Ustadh, hapa nao wana mwethya, ila wanaita jina lingine."

Sasa anasoma Kijerumani kwa simu, jioni, baada ya kurudi shambani. Huenda akafika, huenda asifike. Lakini akifika atakuwa amekwenda kwa kazi aliyoifanya, na babake bado ana ng'ombe zake wawili.